Kirolirwe Haikuamkiwa

Daktari wa koo alikuwa kijana mpole, na watu wapole ndio wa kuogopwa, kwa sababu hukuambia mambo mazito kwa sauti ya kukubembeleza. Alimwambia Céline Murekatete kwamba kooni mwake mmeota vinundu, kwamba vimeletwa na miaka mingi ya kusema bila kupumzika, na kwamba dawa ni moja tu: kunyamaza. Si kusema polepole, wala kunong'ona. Kunyamaza kabisa, mpaka maharage yanayopandwa sasa yavunwe. Akikaidi, sauti itaondoka na huenda isirudi tena.

"Unafanya kazi gani, Mama?" daktari akauliza.

"Redio," Céline akajibu, na hata neno hilo moja lilitoka likikwaruza.

Daktari akaguna, akamwandikia vidonge ambavyo hata yeye hakuonekana kuviamini.

Céline akarudi Mushaki juu ya lori la kabichi, kinywa kimefungwa, mwili mzito. Hakulia. Machozi nayo yanataka nguvu, na yeye nguvu zake alikuwa amezimaliza zamani. Njia nzima alijiuliza swali moja: sasa nani atawaamkia watu?

Maana redio ile ndogo ya Mushaki, kwenye barabara ya kutoka Sake kwenda Masisi, ilikuwa na nyumba ya mbao, mnara, mabamba ya jua juu ya paa, na fundi anayekuja akiitwa. Yaliyobaki yote yalikuwa koo la Céline. Na kazi kubwa ya koo hilo ilikuwa ya asubuhi, ya kuviamkia vilima.

Jambo hili lataka kuelezwa taratibu, kwani mgeni hulipuuza. Kabla jua halijapanda, Céline alimpigia simu mtu mmoja wa kila kilima: mama muuza chumvi wa Karuba, katekista wa Matanda, mwalimu wa Burungu, mchungaji wa ng'ombe wa Kirolirwe. Akijibiwa kwamba watu wako, basi saa ya kufungua redio atasema, "Kirolirwe, muliamuka?" kisha atasonga kwenye kilima kingine. Asipojibiwa, akapiga tena na tena na simu ikalia bila mtu wa kuishika, atakiruka kilima hicho. Hatasema kwa nini. Hatasema nani amepita usiku na bunduki, ametoka wapi, ameelekea wapi. Ukisema hayo, mchana wake watakuja watu kukuuliza umeyajuaje, na hawaji na maandazi. Atakiruka tu, na kila mwenye masikio milimani ataelewa kwamba pale pameharibika. Atafunga godoro lake, atashika watoto mkono, atakimbilia upande mwingine. Hakuna aliyewahi kuitangaza sheria hiyo. Watu waliijua tu, kama wanavyojua mlango wa nyumba zao gizani.

Baada ya vilima zilifuata habari za waliotawanyika: nani anamtafuta nani, mtoto wa nani ameonekana wapi. Mwisho wa yote aliwaamkia watu wa Hombo, kule Walikale, mpakani na Kivu ya Kusini, ingawa redio ya Mushaki haifiki Hombo hata ukiisukuma. Lakini wakimbizi wengi wa Masisi walikuwa kule, na mwenye duka mmoja, mzaliwa wa Mushaki, alisikiliza kwa simu na kuipaza mbele ya duka lake. Akina mama walisimama hapo na masinia yao vichwani wasikie kama kijiji chao bado kipo.

Sasa, kama ungesikiliza chuo alichosoma Céline, ungedhani hakukosa msaidizi hata siku moja. Chuo cha mawasiliano cha Goma kilikuwa na umoja wa wahitimu wake wa zamani, watu wanawaita tu ba anciens, na umoja huo ulikuwa na mpango mzuri sana ukiusoma: kila mhitimu aliye kazini apewe mwanafunzi wa kumlea wakati wa staji, yaani mafunzo ya kazini. Mlezi mwanamume huitwa parrain, mwanamke marraine, kama wale wa ubatizo. Céline alikuwa marraine tangu mpango ulipozaliwa. Wa kwanza kumlea, Magloire, alifika akiogopa hata kuigusa mikro, kile kipaza sauti cha studio. Sasa ndiye mkuu wa mpango wote kule Goma, na kila Jumapili huwatumia wanafunzi somo la sauti kwenye simu. Aliyefuata, Akilimali, alikwenda kuwa msemaji wa shirika moja Bukavu. Aurélie yuko Kampala, anapiga picha za harusi. Wengine pia wamefika mbali, na Mushaki hakurudi hata mmoja. Kila mwaka mpya humtumia picha ya maua: "Heri na baraka, marraine." Céline huyatazama maua yale, huzima simu, huenda kuchota maji.

Hakuwachukia. Alichoka nao tu. Kumfundisha mtu kazi, kumlisha, kumzoea, kisha kumsindikiza barabarani na begi lake, halafu mwaka ujao kuanza upya na mwingine asiyejua hata kuwasha jiko la makaa, hiyo nayo ni kazi ya kuchimba.

Mwaka huu chuo kikamletea Astrid Byukusenge. Alishuka kwenye pikipiki na viatu vyeupe, Mungu amsamehe, msimu wa mvua. Lakini binti alikuwa na sauti. Sauti safi, yenye mwendo, isiyotafuta maneno. Céline alipomsikia akisoma mara ya kwanza, aliketi kwenye benchi nje ya studio akafumba macho. Mgeni njoo, mwenyeji apone, wanasema wenyewe. Safari hii mwenyeji alikuwa mgonjwa kweli.

Waliishi kwa kibao cha shule na chaki. Céline anaandika, Astrid anajibu kwa mdomo. Lakini kwa kibao huwezi kumlea mtu vizuri. Malezi yanataka porojo, yale maneno ya kando ambayo mtu husema akimenya viazi, na humo ndimo kazi hupitia. Céline aliandika: *Asubuhi piga simu kila kilima.* Kisha: *Waliojibu, waamkie.* Aliona yametosha. Ile nusu nyingine, ya wasiojibu, haikuwa kitu cha kuandikwa mahali mtu anapoweza kuingia na kusoma. Alikusudia kumweleza siku moja, polepole, akipata nafasi. Bahati mbaya ni kwamba majuma yale vilima vyote vilijibu. Ingekuwa kimoja kimekaa kimya, Astrid angeuliza, na kuuliza si ujinga. Hakukuwa na la kuuliza.

Basi Jumapili moja Magloire akatuma somo lake. Astrid alilisikiliza jikoni akiosha sahani, simu imesimama juu ya ndoo.

"Bandugu, mwandishi muzuri iko na kisu mukononi," ilisema sauti ya Magloire, imenenepa siku hizi. "Musikilizaji hana wakati. Utaje pahali penye kuwa na habari. Pahali hakuna habari, ukate. Usimupotezee muntu asubui yake."

Céline alikuwa akigeuza sombe, mboga ya majani ya muhogo. Alisikia, akatikisa kichwa kukubali, kwa sababu ndivyo walivyofundishwa wote, na yeye pia. Hakuona ubaya wowote. Alikuwa anafikiria kwamba kesho, kwa mara ya kwanza tangu awe mtu mzima, hatakuwa studio asubuhi. Astrid amezoea. Kesho yeye ataenda shambani mapema, kama mwanamke yeyote mwenye shamba.

Akaenda. Umande ulikuwa bado kwenye majani, na ng'ombe wa jirani walikuwa wakipanda mteremko bila haraka. Alitundika redio yake ndogo kwenye kijiti, akaanza kupalilia maharage. Sauti ya Astrid ikaja safi kabisa. Karuba, muliamuka? Matanda, muliamuka? Burungu, muliamuka? Céline alikuwa akilima na kila jina, jembe linashuka, jina linapita. Kisha sauti ikasema, "Sasa tuko na habari za bandugu wenye kutafutana."

Jembe likabaki juu. Akangoja, labda binti amekosea, atarudi nyuma. Habari ya kwanza ikasomwa, ya pili ikasomwa. Kirolirwe haikuja.

Mama yake mdogo alikuwa ameolewa Kirolirwe. Céline alimwona akilini, na watoto wake wote. Katika shamba la pili wanawake walikuwa wamesimama wima. Mmoja alikuwa tayari anafunga mtoto mgongoni. Walimgeukia Céline, yeye ni mtu wa redio, bila shaka anajua, na Céline akawatazama bila kusema, kwa kuwa alikuwa amekatazwa kusema na kwa kuwa hakuwa na la kusema. Wale wakauona ule ukimya wakauchukua kuwa jibu. Wakaacha majembe palepale kwenye matuta.

Alikimbia mpaka studio. Astrid alikuwa amemaliza, anakunywa chai, ana furaha ya mtu aliyefanya kazi vizuri akiwa peke yake. Céline akashika chaki. Akaandika: *Kirolirwe hawakujibu?*

"Balijibu, Mama," Astrid akasema. "Balijibu muzuri. Yule muchungaji alisema batu wote iko muzima, na ng'ombe iko muzima. Lakini hawakuwa na habari leo, njo nikakata."

Céline alikaa juu ya kiti cha wageni. Akafuta kibao. Kisha akaandika yale ambayo hayaandikwi, yote, herufi ndogo ndogo mpaka pembeni mwa kibao, akampa. Astrid akasoma, midomo inacheza. Akarudia kusoma. Kikombe akakiweka chini kwa uangalifu mkubwa, kama kwamba kikombe ndicho kitu pekee ambacho bado kingeweza kuvunjika.

"Hakuna muntu aliniambia," akasema.

Ilikuwa kweli, na ukweli huo haukumsaidia mtu.

Alirudi kwenye mikro akaita, "Kirolirwe, muliamuka? Kirolirwe, muko muzima, ni sisi tulikosea," tena na tena mpaka betri zikaisha, maana lile jua la mawingu halikuwa limezishibisha. Lakini mtu anayekimbia hatembei na redio sikioni. Redio iko ndani ya furushi, kati ya sufuria na blanketi, na simu waliyompigia mchungaji ililia humo humo bila kushikwa. Maji yakimwagika hayazoleki.

Na huko Kirolirwe hakukuwa na neno. Ng'ombe walikuwa wakikamuliwa, uji ulikuwa jikoni. Watu waliketi kungoja jina la kilima chao kama kila siku, wakasikia la Burungu, halafu la kwao likarukwa. Wewe unaweza kucheka: mtu yuko nyumbani kwake, mzima, bakuli mkononi, anaambiwa na redio kwamba hayuko, naye anaiamini redio kuliko bakuli. Usicheke. Watu wale wamekimbia mara nyingi kuliko walivyohudhuria harusi, na kila aliyechelewa kukimbia walimzika. Walisema, redio imekwisha kujua jambo ambalo sisi halijatufikia bado. Kilima kizima kikashuka. Mvua ikawakuta njiani, maharage makavu yaliyoanikwa uani yakalowa, ndama wakapotea. Jioni, simu zilipopigwa huku na huku na ukweli ukajulikana, wakapanda tena, matope mpaka magotini, hawasemeshani.

Hayo yote yanavumilika. Lisilovumilika lilikuwa la mzee Straton Ndagijimana. Mzee yule ana magoti mabovu, hatembei bila kushikwa. Mwanawe mkubwa, Nshimiyimana, alikimbia na ng'ombe akijua mdogo wake atambeba baba. Mdogo alikimbia na watoto akijua kaka atambeba baba. Mzee akabaki kitandani anasikia kilima kinanyamaza, kwanza watoto, kisha ng'ombe, kisha kuku. Akajua wote wameuawa. Aliimba nyimbo za kanisa mpaka koo likakauka, apate kufa akiimba. Wanawe waliporudi jioni, wazima, wamelowa, mzee aliwatazama mmoja mmoja, akageukia ukuta.

Habari hiyo ilifika Mushaki jioni ileile, kwa simu ya mchungaji wa ng'ombe. Astrid aliipokea. Alipomaliza kusikiliza alikaa jikoni bila kuwasha taa.

Kisha simu ikalia tena kidogo, na safari hii ulikuwa ujumbe wa sauti kutoka kwa Magloire. Astrid aliufungua mbele ya Céline. Hakutaka kuficha kitu tena.

"Astrid, tulisikia. Usiseme kitu ku redio. Redio haiombi musamaha, inapoteza heshima yake. Kesho asubui natuma motard akuchukue mupaka Sake, staji utaimaliza huku kwetu ku bureau, nilishaongea na ba anciens wengine. Mama Céline ni mama yetu sisi wote, tunamuheshimu, lakini amechoka, na ile redio iko ya zamani. Ile mambo ya kuamukia milima ni adabu ya bazee tu."

Céline alimsikiliza mtoto wake wa kwanza mpaka mwisho. Alimkumbuka kwenye kiti cha studio, ile asubuhi Matanda haikujibu na ikambidi Magloire mwenyewe airuke, sauti inamtetemeka, na alipotoka studio akaenda kutapika nyuma ya nyumba. Kijana yule alijua. Alijua akasahau, akavaa koti zuri juu ya usahaulifu wake, na sasa anaufundisha kila Jumapili. Hasira ilimjia Céline, hasira ya kweli, ya kuvunja kitu. Ikaukuta uchovu umekaa kila mahali ndani, ikakosa pa kukaa.

"Mama," Astrid akasema, "niende?"

Céline alichukua kibao. Alitaka kuandika *Baki*. Alilitaka neno lile kuliko alivyotaka kupona. Alitaka hata kupiga magoti. Binti huyu akiondoka, basi kesho kutwa ni koo lake tena au kimya, na akina mama wa Hombo watasimama mbele ya duka wasisikie kitu. Lakini hajawahi kumwomba mwanafunzi yeyote abaki. Alikuwa na kiburi hicho kimoja, na ndicho pekee alichobaki nacho. Akaandika: *Ni shauri lako.* Astrid akasoma, akaenda kufungasha.

Asubuhi, Astrid alikuwa amemaliza kuzungumza na vilima vyote kwa simu na begi lake liko mlangoni, mtu akabisha. Alikuwa Nshimiyimana, mwana mkubwa wa mzee Straton. Alikuwa ametembea sehemu kubwa ya njia, koti limelowa, fimbo ya ng'ombe bado iko mkononi kama aliyesahau kuiacha nyumbani. Hakukubali kiti.

"Mama Céline, nakuheshimu," akasema. "Toka nikiwa mutoto nakusikia wewe. Lakini jana redio ilinifanya nimuache baba yangu. Sasa ananiona mimi ni muuaji. Tunaongea naye, hajibu. Tunamupa chakula, anaangalia ukuta."

Céline akatikisa kichwa. 

"Sikukuja kupigana," mtu yule akaendelea. "Nataka kitu kimoja. Ile muntu alikosa, aseme ku redio. Aseme jina lake. Baba hasikii sisi, lakini redio anaisikia. Tangu tuitoe kwa furushi iko pale kwa kitanda, hataki tuizime."

Astrid alikuwa amesimama nyuma ya mlango. Céline alimwona, viatu vile vyeupe vimekuwa rangi ya udongo. Akaona na jambo jingine, akaliona waziwazi kwa mara ya kwanza tangu jana. Vilima vikisikia kwamba aliyekosea ni mwanafunzi wa Goma, havitaisikiliza sauti ile tena maisha yake yote. Hata akisema mvua inanyesha watatoka nje kuhakikisha. Lakini wakisikia kwamba binti alisoma tu majina aliyopewa, na aliyesahau jina ni Céline, Céline mgonjwa, Céline aliyezeeka na mikro mdomoni, watasema masikini, na yataisha. Binti ataweza kukaa, akitaka. Au ataweza kwenda bila kubeba mzigo huu mpaka Goma.

Akaingia studio. Akakaa. Akafungua mikro kwa kidole kile kile alichokuwa akifungulia tangu ujana.

"Bandugu wa Kirolirwe," akasema.

Sauti ilitoka kama kitu kinachoburutwa. Nje, Nshimiyimana aliinua uso. Alikuwa haijui sauti hiyo.

"Papa Straton. Jana asubui, ile kilima yenu haikuamukiwa. Njo mimi." Koo likakataa. Akameza mate, akahisi uchungu mpaka masikioni. "Njo mimi nilisahau. Mimi Céline..."

Mkono ukaja ukafunika wake. Astrid alikuwa ameingia bila kuvua koti la safari.

"Mama, nyamaza," akasema.

Mikro ilikuwa wazi. Karuba walisikia, Matanda walisikia, na Hombo mbele ya duka walisikia: mtoto wa juzi anamwamuru Mama Céline anyamaze. Ingekuwa siku nyingine, Céline angemtoa nje kwa macho tu. Lakini neno lile lilimwingia mahali ambapo hakuna kitu kilikuwa kimeingia kwa miaka mingi. Daktari alimwambia anyamaze, akamwachia namna ya kunyamaza aitafute mwenyewe. Huyu alimwambia anyamaze akavuta kiti.

"Bandugu na bazazi wetu," Astrid akasema kwenye mikro, na kile kisu cha Magloire hakikuwemo tena katika sauti yake, alikuwa anatafuta maneno kama watu wengine. "Mama Céline hakusahau. Mama Céline iko mugonjwa wa koo, daktari alimukataza kusema, na sasa alisema kwa ajili ya kunificha mimi. Mimi naitwa Astrid Byukusenge. Niko mwanafunzi, niko ku staji. Kirolirwe walijibu jana. Niliwapigia, wakaniambia tuko. Njo mimi nilikata jina yao, nilifikiri hakuna kitu ya kusema. Sikujua. Papa Straton, batoto yako hawakukuacha kwa roho mubaya. Kila mumoja alifikiri mwenzake amekubeba. Mimi njo niliwakimbiza. Ukitaka kukasirikia muntu, ukasirikie mimi, jina yangu nimekwisha kukupa."

Akapumua, akaanza vilima. Kirolirwe aliitanguliza.

Céline alitoka nje akaketi kwenye benchi. Nshimiyimana alikuwa amechuchumaa karibu na ukuta, simu sikioni, akiwapigia wa nyumbani. Akaishusha.

"Anasikiliza," akasema. "Muke wangu anasema ameuliza huyu Byukusenge ni wa familia gani. Kuuliza tu. Halafu akanyamaza tena."

Haikuwa msamaha. Labda ilikuwa mtu aliyechoka kukaa kimya. Céline alimwelewa mzee yule kuliko mtu yeyote milimani.

Akaegemea ukuta wa mbao, wenye joto kidogo la asubuhi. Koo lilimuuma vibaya. Hakujua maneno yale machache yamemgharimu nini, na safari hii hakuwa na hamu ya kujua. Ndani, sauti ya Astrid ilikuwa inapita kilima hadi kilima bila kuruka kimoja. Ataondoka, Céline akawaza. Kama si leo na pikipiki ya Magloire, basi staji ikiisha, na mwaka mpya yatakuja maua. Alijaribu kuhuzunika kwa ajili hiyo, ile huzuni yake ya kila mwaka aliyoizoea, haikuja. Kulikuwa na mtu ndani anayesema, na yeye hakuwa anasema, na jua lilikuwa linapanda.

Pikipiki ikafika ikipiga honi. Motard alikuwa kijana wa Sake mwenye haraka, akauliza kwa sauti msichana wa kwenda bureau ya Goma yuko wapi, watu wanamngoja. Nshimiyimana akainuka. Akaenda mpaka barabarani na fimbo yake ya ng'ombe, koti bado linadondosha maji.

"Zima moto yako," akamwambia, akiionyesha pikipiki kwa fimbo. "Mama analala."

Na kweli, Astrid alipofika kuwaamkia watu wa Hombo, mwisho wa habari zote, Céline alikuwa amelala palepale kwenye benchi, kinywa wazi, mbele za watu, na wote waliokuja asubuhi ile kuleta habari za ndugu zao walipita mbele yake kwa ncha za vidole, wakaenda kungoja upande wa pili wa nyumba.